Krismasi ya kwanza baada ya msiba: kulia sio kukosa imani

Pole sana dada yangu. Umeuliza hivi: mumeo mmemzika Novemba, wakwe wanataka uende kijijini na watoto kama kila mwaka, wewe hata hamu ya kuwanunulia nguo huna, na kuna mtu kanisani amekwambia Mkristo wa kweli hawezi kuhuzunika siku ya kuzaliwa Bwana. Mimi nakujibu kama mtu aliyemzika mama yake Krismasi ikikaribia, hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, na hayo maneno nayakataa kabisa.

Chukua Biblia usome Mathayo sura ya 2, na usiishie kwa mamajusi na dhahabu yao, endelea. Yusufu anaamka usiku anachukua mtoto na mama yake wanakimbilia Misri, Herode anaua watoto wa kiume wa Bethlehemu, wa miaka miwili kushuka chini, halafu mstari wa 18 uko pale Raheli, mama wa kale wa Waisraeli, analilia wanawe na hataki kufarijiwa kwa sababu hawako tena. Hiyo iko ndani ya habari ya Krismasi yenyewe dada, na hakuna malaika aliyetumwa kumwambia Raheli anyamaze! Sisi Wakatoliki tunayo hata siku yao, tarehe 28 Desemba, Watoto Mashahidi, watu bado wanakula nyama ya sikukuu na kanisa linakumbuka watoto waliouawa.

Mwaka ule mama alipotutoka watu walinipa maneno mengi sana, ni mapenzi ya Mungu, jikaze, yuko mahali pazuri, na walisema kwa upendo tu lakini hayakuingia. Kilichoingia ni mama mmoja wa jumuiya yetu, mkimbizi kutoka Kongo. Alikuja tarehe 24 asubuhi, akavuta kigoda, akajipaka mafuta mikononi ili utomvu usimshike, akaanza kumenya matoke, kazi ambayo kila Krismasi ilikuwa ya mama. Mimi nalia yeye anamenya, hasemi kitu, akamaliza akayafunga kwenye majani ya mgomba, akabandika sufuria kwenye sigiri, ndio sasa akaniambia watu wake walibaki kule Kongo na hajui hata walizikwa wapi. Tukasali Baba Yetu akaenda kwake. Siku ile Mungu alinifikia kupitia mikono ya yule mama, siwezi kulisema vingine. Ndio maana Zaburi 34 inaposema Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo mi naisadiki.

Sasa kuhusu kijijini. Kama moyo umekataa waambie wakwe mapema na kwa heshima, usingoje nauli zipande ndio useme, na kama wanaweza kukaa na watoto siku chache waache waende, kule kuna binamu zao na watacheza. Ila wewe usibaki peke yako kwenye chumba, nakuomba. Huko kwako Kampala tarehe 25 inabaki tupu, majirani wote wameenda kwao, na ule ukimya ni mzito kwa mtu mwenye msiba. Tafuta hata mama mmoja mjane wa hapo kanisani mle pamoja. Misa nenda, kaa karibu na mlango, nyimbo zikikushinda toka nje ulie halafu urudi, padri amezoea hayo.

Nguo za watoto mwachie dada yako au shangazi yao anunue. Na wakitaka kumtaja baba yao mezani waache wamtaje, wasije wakadhani jina lake limekatazwa nyumbani.

Nitumie jina lake la ubatizo inboksi, nimpe katekista aliweke kwenye nia za misa ya tarehe 28.