Spika ya kati kwanza, ampu mwisho

Ndugu yangu wa Chake Chake, umeuliza uanze na ampu (kikuza sauti) mpya au sabufa (spika ya besi) kubwa, maana maneno ya filamu huyasikii vizuri. Usianze na chochote kati ya hivyo. Mazungumzo mengi hutoka spika ya kati, ile ikaayo karibu na runinga, na yako umesema imo ndani ya kabati. Ivute hadi ukingo wa mbele, iinue kwa kabari ya mbao ielekee masikio, kisha iongeze desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 2 au 3 kwenye risiva, kile kifaa kinachoendesha spika zote. Kuta za mawe na sakafu ya marumaru hurudisha sauti, kwa hiyo tandika zulia zito mbele ya kochi. Mkeka hautoshi, ni mwembamba mno.

Halafu waya za spika. Hewa ya chumvi huifanya shaba iwe kijani. Kata sentimita 2 za ncha, uchune upya.

Pesa zikiwepo, nunua spika ya kati inayolingana na zile za mbele. Sabufa uliyonayo iweke kwanza pale unapokaa, piga besi, utambae kufuata ukuta. Panaposikika sawasawa ndipo mahali pake. Mpaka wake uwe hezi 80, yaani sauti nzito za chini ya hapo ziende kwenye sabufa. Ampu isubiri: wati zikiongezeka maradufu, sauti hupanda desibeli 3 tu.