Messerschmitt za Battle of Britain zilitoka Hispania

Ndugu, umeuliza kama Messerschmitt, zile ndege za kivita za upande wa Ujerumani kwenye filamu ya Battle of Britain (1969), ni zenyewe za Wajerumani. Hapana, ni Buchón, ndege ya Hispania. Bodi ni ya Bf 109, yaani Messerschmitt yenyewe, lakini ziliundwa Hispania baada ya vita na kufungwa injini ya Merlin ya Rolls-Royce, ukoo uleule wa injini ya Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza! Yaani wanaofukuzana angani mle ni ndugu wa damu.

Ukitaka kuhakikisha, simamisha picha ndege inapopita ubavu, uangalie pua. Bf 109 ya 1940 injini yake imefungwa kichwa chini, kwa hiyo ekzosi zinatokea chini. Kwenye Buchón ziko juu, na chini ya pua kuna uvimbe kama kidevu. Ukiujua huo utazitambua popote.

Hata zile Heinkel, ndege za Wajerumani za kudondosha mabomu, ni CASA 2.111, za Hispania vilevile, nazo zina Merlin. Kwangu hilo haliishushii filamu hadhi hata kidogo. Zile ni ndege halisi, rubani yumo ndani, anazigeuza kweli mawinguni.