Granada au Salamanca: barua kwa Zawadi

Mwanangu Zawadi,

Salamu zako zimefika, marahaba. Umeuliza muhula wa Septemba ukasome Granada au Salamanca, huko Hispania, na ukataka nikujibu kwa neno moja. Neno moja sina. Tena ninavyoona mimi, kabla ya mji kuna jambo jingine: kozi utakazosoma huko zitatiwa saini na nani, na lini?

Yaliyompata kaka yako Elia unayajua. Baba yako hapendi yatajwe mezani, lakini hapa hatuko mezani. Alikwenda Valencia na kozi tano zilizokubaliwa, kila moja ECTS 6, yaani krediti za vyuo vya Ulaya, jumla 30, muhula mzima. Wiki ya kwanza tu akakuta kozi moja, kundi alilopangiwa linafundishwa kwa Kivalensia, naye alikuwa amejifunza Kihispania. Hakuna aliyemdanganya. Kule lugha zote mbili ni rasmi, kama ilivyo Kikatalani huko Barcelona, na lugha ya kufundishia imeandikwa kwenye guía docente, ule waraka wa kozi wenye mada, vitabu na namna mtihani unavyopimwa. Akahamia kozi nyingine, akakesha nayo, akapata 8. Kwao alama ni 0 hadi 10, ukipata 5 umefaulu, na 8 inaitwa notable. Mtoto akarudi anatabasamu. Idara yake ikamwambia kozi hiyo haimo kwenye mkataba wa masomo, ile karatasi ya kozi ambazo chuo cha nyumbani kimekubali kuzihesabu. Aliyemkubalia mabadiliko kwa simu alishahamishwa, karatasi hakuna. Akairudia kozi, wenzake wakavaa majoho bila yeye. Mtoto alifaulu, Zawadi! Mpaka leo nikilifikiria hilo chai hainishuki.

Kisicho na saini hakipo. Mmechoka kunisikia nikisema hivyo, najua.

Basi sikiliza. Mkataba wa masomo una saini tatu: yako, ya chuo chenu na ya chuo kinachokupokea. Ukibadilisha kozi baada ya kufika, fomu ya mabadiliko nayo inapita kwa hao hao watatu, na muda wake huwa ni wiki chache za mwanzo wa muhula. Usiondoke na kozi tano peke yake. Omba idara ikukubalie saba, mbili ziwe za akiba, ili ratiba zikigongana usianze kutafuta saini ukiwa mbali. Andika namba ya kila kozi pamoja na jina, maana majina hufanana, na fungua guía docente ya kila moja uone lugha, muhula na kundi.

Halafu suala la kuhesabu mizigo ya kozi, ambalo watu hulikumbuka mwishoni. ECTS 1 kule Hispania ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Kwetu krediti 1 ni saa 10. Ukihesabu kwa saa, kozi ya ECTS 6 inakuwa krediti 15 au zaidi. Ukihesabu kwa mwaka mzima, ECTS 60 kwa krediti 120, inakuwa 12. Hesabu zote mbili zina mantiki, ndiyo maana zinaleta ugomvi. Idara iandike sasa hivi inafuata ipi, na 8 ya kule itasomeka kama alama gani huku.

Haya, miji. Kote kuwili wanafundisha kwa Kihispania, kwa hiyo mtego wa Elia haupo. Salamanca wanatamka maneno yote hadi mwisho; Granada wanameza s na d, na mwezi wa kwanza utadhani hukujifunza kitu. Lakini ukizoea sikio la Granada hakuna Mhispania atakayekushinda, hilo nalo ni kweli. Irabu hazitakusumbua, ni zetu zile zile tano.

Umeandika kwamba Granada ni kusini kwa hiyo kuna joto. Hapana, mama. Mji uko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Sierra Nevada yenye theluji, na usiku wa Januari hufika sifuri. Salamanca ni baridi zaidi. Ila nyumba nyingi za zamani za Granada hazina mfumo wa kupasha joto jengo zima. Wanaweka brasero, hita ndogo ya umeme, chini ya meza ya duara, kitambaa kizito kinashuka hadi sakafuni, mnaingiza miguu humo ndani. Magoti yanaungua na mgongo unaganda. Kwa hiyo kokote uendako, kabla ya kulipia chumba uliza kama kuna calefacción, yaani huo mfumo wa kupasha joto, na kama gharama yake imo kwenye kodi. Na usitume amana ya chumba ambacho hakuna unayemwamini aliyeingia ndani yake.

Viza: ukikaa siku zisizozidi 180 huhitaji cheti cha polisi wala kadi ya mkaazi, na Septemba hadi mwisho wa Januari unatosha humo. Peleka maombi ubalozini Dar miezi miwili kabla au zaidi. Bima iwe ya matibabu yote, isiyokudai kuchangia kila unapomwona daktari. Bima ya safari ya kawaida hurudishwa. Ushahidi wa fedha hupimwa kwa kiwango cha kipato cha serikali yao kiitwacho IPREM, ambacho mwaka 2023 kilipangwa kuwa euro 600 kwa mwezi. Miezi mitano, 3,000.

Baba yako anasema Granada, kwa sababu ya Alhambra, lile kasri la kale. Mimi sitasema. Mtu mzima anachagua mwenyewe, hata kama kuna mji ambako nyumba zina joto na walimu wanaeleweka tangu siku ya kwanza. Nimesema sitasema.

Nitumie orodha ya kozi saba, pamoja na namba zake, kabla mkuu wa idara yenu hajaenda likizo.

Mama yako