Safari yako ya kwanza ndefu ya pikipiki: cheni, tairi, breki, na kwenda na wenzako

Kuendesha pikipiki kwenda kazini na kurudi ni jambo moja, kukaa juu yake kilomita 300 kwa siku ni jambo lingine. Mjini ikigoma unaisukuma hadi kwa fundi. Njiani, fundi wa kwanza ni wewe.

Kinachowakwamisha wanaoanza mara nyingi si injini. Ipe oili safi na hewa safi, itakwenda. Kinachokwamisha ni vitu vinavyoonekana kwa macho na kushikika kwa mkono: cheni, tairi, waya wa klachi, nati iliyolegea. Karibu vyote hutoa dalili mapema. Ndiyo maana ukaguzi haufanywi asubuhi ya kuondoka huku wenzako wamekwisha washa pikipiki zao. Ufanye siku 3 au 4 kabla, ili ukikuta kasoro upate muda wa kutafuta kipuri, kukifunga, na kuendesha kidogo uone kimekaa vizuri. Pedi mpya za breki, kwa mfano, hazishiki sawasawa mpaka zizoeane na diski, na mteremko wa safari si mahali pa kuzizoesha.

Anza na cheni, maana ndiyo inayonyanyaswa kuliko vyote. Zima injini, weka gia huru, simamisha pikipiki kama kitabu chake kinavyoelekeza. Shika cheni ya chini, katikati ya sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ya mbele na ya nyuma. Isukume juu kwa kidole, kisha ivute chini, na upime kwa rula umbali kati ya ilipofika juu na ilipofika chini. Pikipiki nyingi za barabarani hutaka milimita 25 hadi 35. Zile ndefu za njia mbovu zinaweza kutaka 35 hadi 45. Namba ya pikipiki yako imo kwenye kitabu, na mara nyingi ipo pia kwenye kibandiko cha mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Fuata hiyo, usifuate ya jirani.

Sasa zungusha gurudumu kidogo, pima tena, na urudie hivyo mpaka cheni yote ipite. Cheni haichakai sawasawa: ina mahali palipokaza na mahali palipolegea, na marekebisho hufanywa kwa kufuata pale palipokaza. Anayepima mara moja tu anaweza kuangukia sehemu iliyolegea, akakaza, na ile sehemu nyingine ikifika chini inakuwa kama uzi wa gitaa. Hapo hujapakia mzigo bado. Shokapu zikishuka kwa uzito, sproketi mbili hutengana zaidi na cheni huzidi kuvutika. Matokeo yake ni beringi za gurudumu kufa, sili nyuma ya sproketi ya mbele kuanza kuvuja, na mwisho cheni kukatika. Ikilegea kupita kiasi nayo huruka meno, na ikitoka inaweza kujisokota kwenye gurudumu la nyuma likafunga ukiwa kwenye mwendo. Hata hivyo, ukibabaika kati ya kukaza kidogo na kulegeza kidogo, legeza kidogo.

Kurekebisha si kazi ngumu, inataka subira. Legeza nati ya ekseli, kisha zungusha bolti za kurekebishia za kulia na kushoto kwa kiasi kilekile, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Hakikisha alama za pande zote mbili zinalingana. Zikitofautiana, gurudumu linakaa upande na cheni inakula sproketi ubavuni. Kaza ekseli, kisha pima upya, kwa sababu kule kukaza kwenyewe huvuta cheni kidogo. Kama nati ina pini ya kukunja, weka pini mpya. Ile ya zamani ikikunjwa mara ya pili huvunjika.

Kujua kama cheni imekwisha, ishike nyuma kabisa ya sproketi ya nyuma na uivute kuelekea kwako. Ikiachana na meno hadi ukaona karibu nusu ya jino, hakuna cha kukaza tena. Angalia na meno yenyewe: yakiwa yamelala upande mmoja kama pezi la papa, yamekwisha. Cheni na sproketi zote mbili hubadilishwa pamoja, maana cheni mpya kwenye meno ya zamani hufa kabla ya wakati wake.

Usafi wake: mafuta ya taa na brashi laini. Petroli hukausha raba ndogo zinazotunza grisi ndani ya viungo vya cheni, na brashi ya waya huzikwaruza. Ikishakauka, tia oili ya cheni au oili ya gia ya SAE 80W-90, kidogo tu, upande wa ndani, huku ukizungusha gurudumu kwa mkono. Kwa mkono, tafadhali. Wapo wanaowasha injini na kuingiza gia ili gurudumu lijizungushe lenyewe. Ndivyo watu wanavyopoteza vidole, na kidole kilichopita kati ya cheni na sproketi hakirudi. Rudia kila kilomita 500 hadi 1,000, na kila ukinyeshewa.

Tairi nalo lina mengi ya kusema. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, kabla hujaondoka, kwa kipimo chako mwenyewe unachokwenda nacho. Kitabu huwa na namba mbili: ya kwenda peke yako, na ya kwenda na abiria au mzigo. Usijaze kwa kufuata namba iliyo ubavuni mwa tairi. Hicho ni kikomo cha tairi, si mahitaji ya pikipiki yako. Upepo ukipungua, ubavu hukunjika na kukunjuka kila mzunguko, unapata joto, na tairi lenye joto kali linaweza kupasuka. Kwa pikipiki zenye tyubu kuna dalili moja nzuri: chuchumaa uangalie valvu. Ikiwa imesimama wima kuelekea katikati ya gurudumu, sawa. Ikiwa imelala upande, tairi limeteleza juu ya rimu na kuvuta tyubu, na siku si nyingi shina la valvu litachanika. Pancha ya namna hiyo haizibwi kwa kiraka, na upepo hutoka wote kwa mpigo.

Umri wa tairi usome ubavuni, penye herufi DOT: tarakimu 4 za mwisho ni wiki na mwaka. 2321 maana yake wiki ya 23 ya 2021. Tairi likivuka miaka 5 lichunguze kwa makini, utafute nyufa ndogo kwenye mifereji na ubavuni, hata kama halijachakaa. Mpira uliokauka huteleza kwenye maji.

Breki. Pedi zikibaki chini ya milimita 2, zibadilishe kabla ya safari. Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2, na sababu yake ijulikane: mafuta hayo hunyonya unyevu hewani. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji yanaweza kuchemka karibu na 155. Kwenye mteremko mrefu, ukiwa na mzigo na umeng'ang'ania breki, mafuta huchemka, mvuke unajikusanya ndani ya bomba, na mkono wa breki unaingia hadi mwisho bila kushika kitu. Kwa hiyo pangua gia mapema, injini ikushikie, breki uzitumie kwa vipindi. Na usichanganye DOT 4 na DOT 5, ambayo ni ya silikoni.

Waya wa klachi hukatika karibu na kile kichwa chake cha risasi, pale unapoingia kwenye mkono wa klachi. Vuta mkono, mulika kwa tochi. Ukiona uzi mmoja umechomoza kama nywele, mingine iko njiani. Njia bora ya kubeba waya wa akiba ni kuulaza sambamba na wa zamani, ukaufunga kwa vibana vya plastiki, ncha zake zimezibwa zisiingie vumbi; ule ukikatika, huu unauchomeka tu. Kwa upande wa oili, angalia maandishi JASO MA kwenye chupa, alama ya oili inayofaa klachi za pikipiki. Klachi nyingi za pikipiki huogelea ndani ya oili ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya klachi iteleze.

Vifaa visizidi mfuko mmoja: spana za 8, 10, 12, 14 na 17, spana inayoingia nati za ekseli zako hasa, funguo za pembe sita, koleo, bisibisi, plagi na spana yake, fyuzi, kiungo cha cheni cha saizi yako, tyubu au vizibo vya tairi, pampu, waya mwembamba, tepu na tochi. Kisha fungua gurudumu la nyuma ukiwa nyumbani kwa vifaa hivyo peke yake. Utagundua kinachokosekana.

Mzigo mzito ukae chini na karibu na mwili wako. Juu ya sanduku la nyuma weka nguo tu. Uzito ukirundikana nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani huanza kutikisika kwenye mwendo mkubwa. Ikikutokea, usiukamate kwa nguvu na usibane breki. Legeza mikono, egemea mbele, punguza mafuta taratibu.

Sasa barabarani. Uchunguzi wa ajali 900 za pikipiki uliofanywa eneo la Los Angeles, Marekani, na kuchapishwa 1981, ulionyesha mambo mawili ambayo kila anayeanza ayaweke kichwani. La kwanza: pikipiki ilipogongana na chombo kingine, katika theluthi mbili ya ajali hizo dereva wa chombo kile ndiye aliyeingia njia ya mwendesha pikipiki, mara nyingi kwa kutomwona. La pili: waendeshaji wengi walipotaka kukwepa walibana breki ya nyuma hadi gurudumu likaburuzika, wakaitumia kidogo ile ya mbele. Na muda waliokuwa nao haukufika sekunde 2.

Kutokana na la kwanza, kila makutano yahesabu kuwa hujaonekana. Taa iwake mchana, mguu na vidole viwe tayari kwenye breki, na uangalie gurudumu la mbele la gari linalosubiri kuingia. Gurudumu huanza kuzunguka kabla hujaona bodi imesogea. Kutokana na la pili, fanya mazoezi. Tafuta uwanja mtupu wenye lami kavu. Nenda kilomita 30 kwa saa, bana breki ya mbele hatua kwa hatua kama unavyokamua chungwa: mguso wa kwanza uzito uhamie mbele na tairi likandamizwe chini, kisha ongeza nguvu. Ukiishika ghafla kabla uzito haujahamia, gurudumu hufunga. Rudia mara 20, kisha panda hadi 50. Kumbuka kwamba mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kusimama kwa breki huwa mara 4. Na kwa kilomita 90 kwa saa unakata mita 25 kila sekunde, hata kabla mkono haujagusa breki.

Kwenye kona, mwendo upunguzwe kabla ya kuingia. Angalia kule kona inakotokea, maana pikipiki hufuata macho: ukikodolea shimo, utalikanyaga. Ukijiona unatoka nje, sukuma usukani wa upande unaokata, wa kulia kwa kona ya kulia, pikipiki italala zaidi. Kaa mbali na mstari wa katikati, kwa sababu ukilala, kichwa na bega huvuka mstari huo hata kama matairi hayajavuka. Mvua ikianza, dakika za mwanzo ndizo zinazoteleza kuliko zote, vumbi na oili ya barabarani vikipanda juu. Simama unywe maji.

Kwa safari ya kundi, mpangeni msafara kabla ya kuwasha. Anayeongoza anajua njia, wa mwisho ana uzoefu na vifaa, na mpya hukaa nyuma tu ya kiongozi, ili mwendo ufuate uwezo wake. Kwenye barabara iliyonyooka pangeni zigizaga: sekunde 2 hadi aliye mbele yako moja kwa moja, sekunde 1 hadi aliye mshazari. Pima kwa kuchagua nguzo: akiipita, hesabu taratibu "mia moja na moja, mia moja na mbili". Kwenye kona, njia nyembamba au changarawe, kila mtu afuate mstari mmoja na nafasi iongezeke. Kupita lori ni uamuzi wa kila mmoja kwa macho yake mwenyewe. Mwenzako kupita salama hakukuonyeshi kilichoko mbele sasa, na hapa ndipo wapya huumia, kwa hofu ya kuachwa. Ondoeni hofu hiyo kwa kanuni moja: kila njia panda, aliye mbele anamsubiri aliye nyuma yake mpaka amwone. Hapo hakuna sababu ya mtu kukimbizana.

Simameni kila baada ya dakika 90 hivi, hata kama hakuna aliyechoka. Ukianza kukosea gia au kushtukia kona zimefika, umechoka tayari.

Mkifika, kabla ya kuvua buti, zunguka pikipiki. Sogeza kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu bila kukigusa: kimoja kikiwa na joto kali kuliko kawaida, breki inakwama au beringi inakufa. Tikisa mzigo, gusa nati za ekseli, mulika chini ya injini kutafuta tone la oili. Kisha tia cheni oili wakati bado ina joto, ipenye ndani ya viungo, na usiku kucha itakuwa imekwisha kaa.