Bushi nikereze, gasketi ninunue?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina mashine ya kusaga hapa Kimamba, Kilosa, inaendeshwa na injini ya diseli ya Kichina, S195. Maji yanaingia kwenye oili na konrodi, ule mkono wa pistoni, inagonga. Fundi wetu amefungua akakuta gasketi ya silinda hedi imeungua, bushi ya juu ya konrodi, inamokaa pini ya pistoni, imelika na boliti moja ya konrodi imekufa nyuzi. Anataka kutengeneza vyote hapahapa: gasketi ya karatasi, boliti ya nondo, bushi ya kukereza. Spea zipo Morogoro mjini, lakini kila siku mashine ikisimama wateja wanahamia kwa jirani. Nimkubalie?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkubalie bushi. Boliti ya nondo mkatalie leo hii, kabla hajaifunga.

Injini hiyo ikizunguka mara 2000 kwa dakika, pistoni inasimama na kugeuka mara 4000, na kila inapogeukia upande wa hedi inazivuta boliti mbili tu za konrodi. Nondo ni chuma cha kulala ndani ya zege. Ikikatika, konrodi inatoboa bloku, na anayepiga hendeli au kumwaga mahindi yuko hatua mbili kutoka hapo. Nunua boliti zote mbili, hata kama ile ya pili inaonekana nzima, maana imeshavutika pamoja na mwenzake.

Gasketi ya hedi nayo nunua. Diseli haina plagi, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, kwa hiyo unene wa gasketi ni sehemu ya kipimo cha injini. Ikizidi unene, itakusumbua kuwaka asubuhi na kutoa moshi. Ikipungua, pistoni inaweza kugonga vali. Karatasi haimalizi hata gunia.

Ila karatasi ina mahali pake, na hapo fundi wako aitumie bila woga: mfuniko wa pembeni na wa tangi. Apake oili ukingo wa mfuniko, alaze karatasi ya gasketi juu, agonge taratibu kwa nyundo ndogo mpaka ukingo uikate wenyewe. Matundu ya boliti aweke gololi juu ya tundu na kugonga mara moja, linatoka duara safi. Kwenye mfuniko wa beringi kuu apime kwanza unene wa karatasi ya zamani, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo inayoipa krankshafti, shafti inayozungushwa na konrodi, nafasi ya kucheza.

Sasa bushi. Mkereza atumie bronzi, asitumie shaba ya njano ya koki za maji, hiyo inalika upesi. Na tundu la oili! Miaka mingi nyuma nilimkerezea mzee mmoja bushi nzuri, inang'aa, nikaibana kwenye konrodi tundu lake likiwa limepishana na la konrodi kwa upana wa njiti ya kiberiti. Siku ya tatu pini ilikwama na slivu, lile bomba ambamo pistoni inatembea, ikachanika. Nililipa slivu ile, na mpaka leo napitisha waya kwenye tundu kabla konrodi haijatoka mezani kwangu.

Lakini usifunge bado. Kwenye 195 maji ya kwenye oili si lazima yatoke kwenye hedi, yanaweza kutoka kwenye pete za mpira za chini ya slivu. Hedi ikiwa imefunguliwa, ziba matundu ya maji kwenye uso wa bloku, maana silinda imelala, jaza maji, acha usiku mzima, kisha asubuhi mulika tochi kwa ndani chini ya slivu. Ukiona tone, ongeza pete hizo kwenye orodha ya safari moja ya Morogoro, pamoja na gasketi na boliti. Kwa mkereza usipeleke bushi peke yake: beba konrodi na pini yake, maana bushi inapimwa kwa pini itakayokaa ndani yake.