MUULIZE FUNDI: Bosi kachora mstari mwekundu kwenye chati yetu

SWALI: Fundi shikamoo. Tuko watano hapa Mwanga, Kigoma, tunatengeneza programu ya kurekodi mzigo kwa wafanyabiashara wa dagaa, kazi tunafanya kwa ajaili, yaani kwa awamu fupi fupi zinazoitwa sprinti, zetu ni za wiki mbili mbili. Kila kazi tunaipa pointi kulingana na ukubwa wake. Juzi bosi kafungua chati ya pointi tunazomaliza kila sprinti, akachora mstari mwekundu kwenye 40, eti chini ya hapo hataki kuona. Sisi tulikuwa tunacheza kwenye 26, 31, 24. Sprinti iliyofuata tukapata 43 na wateja ndo kwanza wanalalamika zaidi! Tatizo mstari au sisi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Na mimi nikuulize, kazi ya kurekebisha risiti ambayo zamani mliipa pointi 3, siku hizi mnaipa ngapi? Nahisi 5, kama sio 8. Hamjaiba, ila pointi ni makadirio yenu wenyewe, hazijapita kwenye mzani wowote, na bosi akishazifanya lengo zinavimba zenyewe bila hata mtu kupanga njama. Mchumi wa Uingereza Charles Goodhart alishalisema hili 1975, yeye alikuwa anaongelea benki kuu na mambo ya pesa, kwamba kipimo ukianza kukitumia kubana watu kinaacha kupima.

Halafu hiyo 40 kaitoa wapi? Nyie wa Kigoma mnajua kuliko mimi, mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa wanapumzika maana taa haivuti kitu mbele ya mbalamwezi. Sasa mtu aje Kibirizi siku hizo na mstari wake wa ndoo kwa usiku aanze kugombeza watu, si mtamcheka? Sprinti nazo zina mbalamwezi zake, mmoja kafiwa, umeme umekatika siku mbili, mteja kabadili mawazo.

Mstari wekeni kwenye siku. Chukua kazi 20 za mwisho, kila moja andika ilikaa siku ngapi toka mtu alipoigusa mpaka mteja akaanza kuitumia, zipange kuanzia fupi, halafu angalia ya 17. Tuseme ni siku 9, basi mstari unakaa kwenye 9, maana kazi 17 kati ya 20 zilishaisha ndani ya hapo. Huo mmeutoa kwenye jasho lenu wenyewe. Utamu wake ni kwa kazi ambazo bado hazijaisha: tuseme kazi ya printa ina siku ya 7 leo, haijavuka mstari, mnaulizana asubuhi hiyo hiyo imekwama wapi, kumbe inasubiri mteja atume picha moja tu ya risiti. Mkishapata kazi nyingine 20, pigeni hesabu upya.

Kwenye Excel ni rahisi, pembeni ya safu wima ya siku ongeza ya pili, jaza 9 mbele ya kila kazi, chagua chati ya mchanganyiko, siku ziwe nguzo na 9 iwe laini. Usichore kwa kile kimstari cha mapambo, ukiongeza data chati inajipanga upya, mstari unabaki pale pale unadanganya watu.

Bosi msimbishie mbele ya watu. Mpelekee chati zote mbili na malalamiko ya wateja pembeni, aone mwenyewe. Na rangi nyekundu toeni, wekeni kijivu.

SWALI: Fundi, niko Isevya, Tabora. Chati ya kazi zilizobaki ina ule mstari unaoshuka mpaka sifuri, sisi kila sprinti tuko juu yake. Tunachelewa?

JIBU: Sio lazima. Ule ni rula tu, umegawa kazi sawasawa kwa siku kama vile kila siku inafanana. Kuwa juu siku ya 3 kawaida. Ila kama mnakaa juu mpaka siku ya 9, sprinti inakaribia kuisha, halafu mnaporomoka kama embe bovu, kazi zenu ni kubwa mno, zikateni vipande.