"Inadaiwa" na kesi isiyokwisha

Mwalimu wa sekondari wa Pangani ameniandikia hivi: "Shikamoo mzee wetu. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu ameandika kwenye insha, 'Inasemekana kwamba uvutaji wa sigara husababisha saratani ya mapafu.' Mwenzangu mmoja anasema 'inasemekana' si Kiswahili fasaha, angeandika 'inasemwa'. Mwingine amechukua kalamu nyekundu, akalikata neno la mtoto na kuandika juu yake 'inadaiwa'. Nani yuko sahihi?"

Marahaba, mwalimu. La kwanza halina uzito wa kuwagombanisha. "Inasemwa" ni kauli ya kutendwa, na msemaji ukitaka unamtaja: inasemwa na wazee, inasemwa na majirani. "Inasemekana" ina kile kiambishi tunachokijua katika patikana, julikana na wezekana. Humo msemaji hatajwi, habari inazunguka yenyewe kama moshi wa ubani. Yote mawili ni Kiswahili cha watu, na huyo mwenzako wa kwanza amwache mtoto.

Wa pili simwachi.

"Dai" ni neno la asili ya Kiarabu, na hapa kwetu lina makao mawili. La kwanza ni dukani: "Nakudai elfu tatu," anasema mwenye duka, huku anafunua daftari. La pili ni mahakamani. Huko yuko mdai, yuko mdaiwa, yako madai, na hakimu bado hajasema neno. Mwandishi wa habari anapoandika "kijana anadaiwa kuiba kuku wawili" anatenda haki, maana huenda kijana hakuiba, na gazeti halina mamlaka ya kumtia hatiani. Hapo neno limekaa pake, nami ni wa kwanza kulitetea.

Sasa litoe neno hilo mahakamani ulipeleke maabara. "Wanasayansi wanadai kuwa sigara husababisha saratani." Itazame sentensi hii, mwalimu. Nimeisikia redioni, nimeisoma magazetini, na kila nikikutana nayo inanichoma upya. Wanamdai nani? Shauri liko mahakama gani? Kwa neno moja tu msomaji ameshaambiwa kwamba kuna pande mbili, ushahidi bado unasikilizwa, na yeye asiwe na haraka ya kuamua. Hakuna lililo kweli kati ya hayo. Mwaka 1950 watafiti wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walichapisha uchunguzi wao wa wagonjwa wa hospitali za London. Kisha wakawafuata madaktari wa Uingereza wapatao 40,000, wanaovuta na wasiovuta, mwaka baada ya mwaka, wakihesabu nani amekufa na ameuawa na nini. Mwaka 1964 daktari mkuu wa serikali ya Marekani akatoa ripoti iliyosema waziwazi kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu. Shauri limesikilizwa, hukumu imesomwa, watu wameshatoka mahakamani, na sisi bado tunaandika "wanadai".

Tena wako waliotaka tuandike hivyo. Desemba 1953 wakuu wa kampuni za sigara za Marekani walikutana katika hoteli moja ya New York, wakaajiri kampuni ya kusafisha majina ya wakubwa. Tarehe 4 Januari 1954 tangazo lao lilitoka katika magazeti zaidi ya 400. Lilisema hakuna uthibitisho kwamba sigara ni chanzo cha saratani ya mapafu, wataalamu hawajakubaliana, na kampuni zenyewe zitagharamia utafiti zaidi. Mwaka 1969 waraka wa ndani wa kampuni mojawapo ulitamka bila kificho kwamba shaka ndiyo bidhaa yao. Bidhaa! Sigara unainunua, shaka unagawiwa bure, ili kesho urudi kununua sigara. Na mwenye kugawa shaka hana haja ya kukuaminisha kwamba moshi ni dawa. Ukishasema "inadaiwa", ameridhika.

Hili sikulisoma vitabuni tu. Miaka ya nyuma tulikuwa tunakaa jioni barazani Ngamiani, kahawa na kashata, redio juu ya kigoda. Jirani yangu mmoja, baharia mstaafu, sigara haikumtoka vidoleni. Mtangazaji akasema, "Wataalamu wanadai kuwa wavutaji wa sigara wako katika hatari ya kupata magonjwa ya mapafu." Jirani akakung'uta majivu pembeni ya baraza, akasema, "Waache wadai. Mimi sina deni nao." Tulicheka wote, nami nikacheka. Miaka minane baadaye ndimi niliyekuwa nikimshika mkono kupanda vidato vitatu vya baraza lile lile. Alikuwa akisimama kwenye kila kidato, mdomo wazi, akivuta pumzi kama mtu aliyetoka kuzamia. Nimelifikiria sana lile neno lake. Yeye alilielewa "dai" kuliko mtangazaji. Aliambiwa kuna mtu anadai, akajibu kama anavyojibu yeyote asiyekiri deni. Kosa la lugha halikuwa lake.

Kampuni za mafuta nazo zimepita njia hiyo hiyo. Mwaka 1977 Exxon iliambiwa na mwanasayansi wake yenyewe kwamba gesi inayotokana na kuchoma mafuta itaipasha dunia joto. Miaka iliyofuata ilitoa fedha zake kwa wale waliotilia jambo hilo mashaka hadharani. Matunda yake ni kwamba hapa Tanga, ambako matumbawe yalipauka mwaka 1998 bahari ilipopata joto, bado tunasomewa kuwa "inadaiwa joto la bahari linadhuru matumbawe". Na ndugu yake "inadaiwa" ni ile "nadharia tu", ambayo nayo ina siku yake.

Najua nitakachojibiwa: mwandishi anajihadhari, sayansi nayo hukosea. Sawa, ajihadhari, lakini kwa maneno ya kazi hiyo, na Kiswahili hakikupungukiwa. Mtafiti anayepiga hesabu bila uhakika anakisia. Mwenye dalili chache anashuku. Utafiti mmoja ukitoka, umeonyesha. Tafiti nyingi za watu mbalimbali zikikubaliana, wamethibitisha. Hizo ni ngazi, na mwandishi mwangalifu anajua amesimama kwenye ipi. "Wanadai" hairuhusu ngazi: aliyekisia jana na aliyethibitisha miaka 70 iliyopita wote wanakuwa walalamikaji waliopanga foleni kwa karani.

Anayestahili "anadai" yupo. Mganga anayebandika kwenye nguzo ya umeme kwamba dawa yake inatibu magonjwa arobaini, huyo anadai. Kampuni za sigara zilidai bidhaa zao hazina madhara, na zilipofikishwa mahakamani kweli, kule Washington, jaji Gladys Kessler aliandika mwaka 2006 hukumu ya kurasa zaidi ya 1,600 kwamba ziliudanganya umma kwa zaidi ya miaka 50. Hapo wadai na wadaiwa walikuwepo kwa maana halisi ya maneno hayo, na kesi ilikuwa na mwisho.

Turudi kwenye insha. Mwanafunzi wako, mwalimu, ameandika kitu ambacho walimu wake wote watatu mmekipita: "husababisha". Hiyo hu- ndiyo tunayoitumia kwa mambo ya siku zote. Jua huchomoza mashariki. Maji hujaa na kupwa. Hakuna Mswahili asemaye "inadaiwa kuwa maji hujaa na kupwa", awe mvuvi au asiwe. Mtoto amejua kwamba jambo hili ni la aina hiyo, akalipa kiambishi chake, halafu akaogopa na kulitangulizia "inasemekana kwamba", kwa sababu ndivyo anavyotusikia sisi wakubwa tukisema. Hata pakiti ya sigara dukani imeandikwa kwamba uvutaji ni hatari kwa afya, "ni", bila kuongeza neno.

Mwambie mwenzako aichukue tena ile kalamu nyekundu. Akate "inadaiwa" aliyoiandika mwenyewe, akate na "inasemekana kwamba", ibaki: "Uvutaji wa sigara husababisha saratani ya mapafu." Na alama alizomkata mtoto amrudishie.